Sura ya Tisa: Sahani Iliyorudi Imeoshwa

Jumamosi hiyo Djamila alisali Alfajiri, kisha akabaki amekaa juu ya mswala mpaka jua likaingia dirishani. Hakuwa na maneno mengi. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu: ampe sababu ya kumkataa Yusufu, hata ikiwa ndogo, sababu ambayo baba yake angeweza kuisikia bila kukasirika.

Sababu haikuja. Yusufu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa. Alikuwa na duka la vitambaa, alikuwa na adabu, sala ya Ijumaa haikumpita. Leo kabla ya Alasiri wajomba wa Yusufu wangefika hapa nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, kumposa. Baba yake Djamila, Mzee Zakari, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimheshimu, alikuwa amekwisha kuzungumza naye juzi.

“Djamila, mwanangu, mimi nilingoja. Ulisema Lombe atatuma batu ya kuposa. Miezi mitatu nilingoja. Nani alikuja hapa? Sema wewe mwenyewe.”

“Hakuna, papa.”

“Alituma hata mutu mumoja?”

“Hapana, papa.”

“Basi. Usinililie tena juu ya Lombe.”

Angejibu nini? Kwa siku kumi na tisa Lombe, kijana aliyempenda, hakupokea simu yake. Siku ya kwanza alidhani ni umeme, betri imeisha. Siku ya nne alikwenda mpaka kwenye kibanda chake karibu na soko, mahali Lombe alipokuwa akiwawekea watu nyimbo katika simu zao, akakuta kufuli. Siku ya kumi namba yenyewe ikawa haipatikani. Na hawakugombana! Hapakuwa na neno baya hata moja. Usiku wa mwisho Lombe alimwandikia, “Lala muzuri, Madame Licenciée,” kama kawaida yake ya kumtania tangu apate shahada. Kesho yake akanyamaza, kama mtu aliyekufa.

Dini haikuwa kizuizi. Ukoo wa Lombe ulikaa kwenye ardhi hii kabla mji haujajengwa, na ulikuwa na mila zake, lakini Lombe mwenyewe aliingia Uislamu akiwa na miaka kumi na tisa, na kila Ijumaa alisali safu mbili nyuma ya Mzee Zakari. Kilichomsumbua mzee ni ile kazi ya muziki. Halafu ukaja ukimya, na ukimya ulimaliza yote.

Djamila alijivika kanzu ya leo mapema, kwa sababu mama yake alitaka kuona kama inamkaa vizuri. Ilikuwa kanzu nzuri ya kijani. Baba yake aliishona kwa mikono yake, na mama yake akapamba shingo yake kwa mstari wa shanga nyeupe. Djamila alijitazama katika kioo, akaona bibi harusi, akageuka haraka.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu siku ile ya kuhitimu waliyommwagia poda nyeupe kichwani mbele ya chuo kikuu, rafiki zake wakiimba, mama yake akipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Tangu hapo maisha yake yalikuwa ni bahasha za kuomba kazi. Asubuhi alichukua dossier yake, akapanda teksi mpaka mjini, akaiacha kwenye ofisi moja, akaambiwa, “Tutakuita.” Kesho ofisi nyingine. Njiani alivaa vidude vyake masikioni, akasikiliza muziki, ili asisikie moyo wake.

Na muziki wake wenyewe ulikuwa umebadilika. Zamani alipenda kile kilichopendwa na kila mtu: rumba za harusi, nyimbo za kuchezea kutoka Naijeria, na siku za Maulidi kasida za nyanya yake. Kisha katika mwaka wa mwisho profesa wake alimwambia atafute jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyeligusa. Lombe, ambaye wakati huo alikuwa tu kijana wa kibandani, akamletea kaseti za babu yake. Babu huyo alifanya kazi mgodini siku sita, na siku ya Jumapili alipiga gitaa. Gitaa moja, vidole viwili. Gumba lilitembea polepole kama mtu anayerudi kazini amechoka, na kidole cha pili kikawa kinamchekesha njiani. Djamila alisikia wimbo wa kwanza akiwa amesimama pale kibandani, akasahau alichokuja kununua. Akakaa. Mpaka leo hakujua kama alianza kumpenda Lombe au lile gitaa.

Mwaka mzima walikwenda pamoja Annexe, pembezoni mwa mji, kwa mjane wa babu huyo, Kambo Ngosa, yaani Bibi Ngosa, kurekodi maelezo yake pamoja na zile kaseti. Mémoire yake, tasnifu ya mwisho, ilihusu nyimbo hizo. Walimu wa jury walimsifu, wakampa distinction, alama ya juu.

Sasa aliketi kitandani na simu mkononi. Alikuwa ameamua kufuta kila kitu: picha za Lombe, ujumbe wake, na zile rekodi zote ishirini na mbili. Kama ni kuingia nyumba ya mtu mwingine, aingie na mikono mitupu. Lakini kabla ya kufuta aliona haya, kama mtu anayetaka kuondoka bila kuaga. Akasema, “Mungu wangu, nisikilize mara moja tu,” akavaa vidude vyake, akagusa rekodi ya kumi na nne. Huo ndio ulikuwa wimbo alioupenda kuliko wote.

*Sahani yangu ilirudi inaangaza,
nikaona uso wangu ndani,
nikajua niko peke yangu.*

Katika mémoire aliandika kwamba ni wimbo wa kusifu usafi, kwa kuwa zamani wakubwa wa kambi ya mgodi walipita kukagua nyumba za wafanyakazi. Jury walimpigia makofi kwa maelezo yale.

Kabla ya gitaa kulikuwa na maneno ya Kambo Ngosa, dakika tatu au nne. Djamila alikuwa akiyaruka siku zote. Alitaka muziki. Leo hakuruka, kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho, na alitaka kuagana na sauti ya yule bibi pia.

“Huu wimbo?” Kambo alisema katika rekodi, huku kuku wakilia nyuma yake. “Bwana yangu aliimba juu ya kaka yake. Kwetu, kama banaenda kutafuta bibi ya kuoa, habasemi mingi. Banatuma muntu na sahani. Mu sahani banatia bunga ya mahindi na shanga nyeupe, banafunika. Ule muntu anaacha sahani, anajiendea. Na binti haba­mwambii kwanza. Bazazi bakibakisha sahani, bakikula ile bunga, njo banaitika. Sahani ikirudi, banakatala. Na ikirudi banaisha kuiosha, eee mama yangu! Ni kusema, jina yenu tunaiosha mu nyumba yetu. Hapo kijana hatamutaja tena ule binti, mpaka kufa. Njo ile ilimupata kaka ya bwana yangu.”

Kisha Djamila akasikia sauti yake mwenyewe, ya mwaka uliopita, sauti ya msichana mwenye haraka: “Asante, Kambo. Sasa tusikie wimbo?”

Gitaa likaanza. Djamila hakulisikia. Alikuwa amekumbuka vitumbua.

*

Mama yake, Mama Chadia, alikuwa jikoni anachambua mchele wa wageni.

“Mama. Ule mugeni wa kofia, ule uliniambia nimupikie vitumbua, alileta nini hapa?”

“Mugeni gani tena? Acha kugusa ile kanzu na mikono ya jasho.”

“Mama, nakuomba. Siku nilikwenda kuacha dossier mujini, nikarudi, ukaniambia nipike vitumbua.”

“Aa! Ule muzee Godefroid.” Mama akacheka kidogo. “Mutu wa ajabu. Alisimama pale pale ulipo. Anasema, ‘Tulisikia kwenu kuna moto. Tunaacha sahani.’ Mimi nikafikiri anauza makala ya jiko. Nikamwambia, papa, makala tunayo. Akaniangalia, akaweka sahani, akaenda.”

“Ndani ya sahani kulikuwa nini?”

“Unga. Unga muzuri, nyeupe pe. Baba yako akasema, sahani ya batu isilale hapa, na isirudi tupu. Njo nikaiosha muzuri na sabuni na majivu, ilikuwa inaangaza kama kioo. Nikatia vitumbua vyako, nikamupa jirani mwenye anamujua ule muzee, apeleke kwao Annexe.”

Djamila alishika meza.

“Na unga?”

“Tulikula! Nikasonga ile bukari, tukakula na samaki. Baba yako aliongeza mara mbili. Na wewe ulisema iko tamu.”

“Na shanga, mama? Kulikuwa na shanga?”

Mama Chadia aliinua macho. Alitazama shingo ya kanzu ya kijani, na mchele ukamtoka mkononi.

“Zilikuwa nzuri,” akasema polepole. “Nikasema, badala ya kuzitupa... Djamila, ni nini? Nimefanya nini?”

“Haukufanya kitu, mama. Wewe ulifanya heshima.” Djamila alikuwa amekwisha kuvaa viatu. “Niombee.”

“Unaenda wapi? Djamila! Bageni bako njiani!”

*

Pikipiki ilimwacha mwisho wa barabara ya udongo. Ilikuwa Septemba, mvua bado, na vumbi jekundu la Annexe lilikuwa limelala juu ya kila kitu, juu ya matofali, juu ya migomba, juu ya matuta ya bustani. Aliyemwona kwanza ni Kapya, mjomba wake Lombe. Alikuwa mlangoni anafunga mfuko mkubwa wa safari kwa kamba.

“Eh!” Kapya akapaza sauti. “Lombe! Kuya uone! Anakuya na shanga zetu ku shingo! Banatufuata kutucheka mpaka ku mulango yetu!”

Lombe alitoka bustanini, ndoo ya kumwagilia mkononi. Alikuwa amekonda. Djamila alikuwa amejitayarishia maneno njiani kote, na sasa yote yalimkimbia, kwa sababu macho yale yalimtazama jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyowahi kuishi.

“Madame Licenciée,” akasema, bila kutabasamu. “Ulikuya kutafuta nini? Vitumbua bilishaisha.”

“Ulivila?”

“Kapya alitupia mbuzi. Miye nilisikia harufu tu. Iliki. Mu Hewa Bora yote, nani anatia iliki mingi vile? Nikayua mukono yako.” Akaweka ndoo chini. “Nilikuwa najiambia, labda ni papa yake, labda yee hayui. Nikasikia ile harufu. Nikasema, alijipikia mwenyewe. Alinikatala na iliki ndani.”

“Lombe, sikujua.”

“Na ile kanzu? Ni ya nini?”

Hakuweza kumdanganya. “Leo watu wa Yusufu wanakuja nyumbani.”

“Unamuona!” Kapya akafoka. “Anavaa shanga zetu ku posa ya mwingine! Binti, rudia kwenu. Shiye tuko bamasikini lakini tuko na haya.”

“Papa Kapya, nisikilize, nakuomba kwa jina la Mungu. Mama yangu alifikiri ni zawadi ya unga. Kwetu sahani ya watu inarudi siku ile ile, na hairudi chafu, na hairudi tupu. Alisugua na majivu ili muone heshima yake. Hakuna hata mmoja nyumbani kwetu anayejua hii desturi.”

“Weye ulikuwa unaiyua! Si ulikuwa unakuya hapa kila siku na kale kamashini kako? Bantu ba université! Banaandika kila kintu, habayui kintu!”

Djamila aliinamisha kichwa. Hilo lilikuwa kweli, na aliliacha limpige.

“Ndiyo,” akasema. “Kambo alinielezea. Niko na sauti yake humu. Lakini nilikuwa naruka maneno yake ili nifike kwenye gitaa. Nimeyasikia leo asubuhi, mara ya kwanza.”

Akatoa simu, akaigusa. Sauti ya Kambo Ngosa ikatoka, ndogo, na kuku wake wa mwaka jana nyuma. Kambo mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba, kikapu cha lengalenga mapajani. Sasa aliacha kuchambua majani. Wote wanne walisikiliza: bunga, shanga, sahani, kaka ya bwana yake. Kisha ile sauti ya msichana mwenye haraka. Kisha gitaa la marehemu.

Kambo alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Binti, kuya hapa.”

Djamila akapiga magoti mbele yake. Kidole cha Kambo, kigumu, kilipita juu ya shanga moja moja shingoni.

“Nani alishona hizi?”

“Mama yangu, Kambo.”

“Alishona muzuri. Na bunga? Mulimwaga?”

“Tulikula.”

“Nani alikula wa kwanza?”

“Papa.”

“Alikula mingi?”

“Aliongeza mara mbili.”

Bibi alicheka mara moja, kicheko kifupi chenye machozi ndani, na Djamila akadhani yamekwisha. Lakini Kambo alitikisa kichwa.

“Mutoto, miye ninakusadiki. Lakini sahani yenye kuoshwa, shiye hatuna tena mudomo ya kuituma. Majirani bote baliona inarudi. Kama nyumba yenu ilikula kweli, papa yako mwenyewe ataileta hapa na mukono yake, na bunga ndani. Si mama yako, si weye, si ma simu. Yee. Akiibeba yee, ni kusema anakuozesha kwa Lombe, na bantu bote batanyamaza.”

“Kambo, unaomba kintu kigumu,” Lombe akasema. “Mzee Zakari, muntu ya heshima vile, apite mu Annexe na sahani ku mukono? Leo, na bageni bako kwake?”

“Bamababa ya bamingi balipita,” Kambo akajibu, akainuka kwa shida, akaingia ndani.

Kapya alikwenda kumalizia kamba zake, akiguna. Djamila na Lombe walibaki karibu na matuta, hatua tatu kati yao.

“Ule mfuko ni wako?”

“Ndiyo. Ninaenda Kolwezi. Nilipata kazi. Bus ni kesho asubuhi.”

“Ungeondoka bila neno.”

“Kwetu ni kukatazwa, Djamila. Ulisikia.”

“Siku kumi na tisa, Lombe! Na moyo nayo ilikatazwa? Nilikuja mpaka kibandani. Nilisimama mbele ya kufuli, wauza nyanya wananitazama kama mwenda wazimu.”

“Nilikuona.”

“Ulikuwa wapi?”

“Ngambo ya barabara, kwa fundi ya viatu. Ulikuwa na kitambaa ya bleu. Nilishika benchi na mikono mbili, ili nisisimame. Ule fundi aliniuliza, ndugu, uko mugonjwa? Nikamwambia, ndiyo.”

Alitaka kumkasirikia zaidi lakini hasira haikupatikana. Alimwona ameshika tena mpini wa ndoo kwa mikono miwili, vilevile, na mishipa imesimama.

“Papa yako hatakuya,” Lombe akasema kwa sauti ya chini. “Usiende kumulazimisha. Yusufu ni muntu muzuri, tunasali naye. Kama ni yee, nitaomba Mungu anitoe hii kintu mu roho. Nilishaanza kuomba.”

“Na Mungu anakusikia?”

“Hapana.”

“Mimi pia hanisikii,” Djamila akasema. Machozi yakamtoka, akayaacha.

Kambo alirudi na ile sahani. Ilikuwa sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, imebanduka rangi upande mmoja. Aliiweka mikononi mwa msichana, tupu, bado inang’aa.

*

Adhana ya Alasiri ilimkuta anafungua geti. Viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa mbele ya mlango, jozi nne. Alisikia kutoka sebuleni sauti ya baba yake mdogo, Sudi, anawachekesha wageni. Hakupita huko. Alizunguka nyuma, akamkuta baba yake bombani, mikono ya shati imekunjwa, anataka kutawadha.

Alimweleza yote, amesimama, bila kulia, akianza na Godefroid mpaka mbuzi waliotupiwa vitumbua. Sharti la Kambo tu ndilo lililobaki kooni. Alipofika pale pa kuosha, maji yaliendelea kumwagika juu ya miguu ya mzee bila yeye kuona.

“Mimi njo nilisema isilale hapa,” akasema mwishoni. “Ni amri yangu.”

“Hukujua, papa.”

“Nilitukana nyumba ya batu. Ule mama muzee alikaa na ile haya siku kumi na tisa, na mimi nasali kila Ijumaa mbele ya mujukuu wake.” Alifunga bomba. “Na nilikuambia hakuna mutu alikuja. Kumbe alikuja, akanikuta na unga wake mu kinywa.”

“Papa...”

“Nyamaza kidogo.” Alijifuta mikono. “Hii kosa haingoji kesho. Nitasali, Sudi atakaa na bageni, mimi nitakwenda Annexe kuomba msamaha. Tia unga mu ile sahani. Siwezi kwenda kuomba msamaha na mikono mitupu. Lakini usifikiri mengine, Djamila. Ni msamaha tu. Yusufu nilimupa neno kwamba nitasikiliza batu yake, na nitabasikiliza.”

Alitawadha, akasali palepale uani, juu ya mkeka wa kuwekea cherehani. Djamila aliingia jikoni. Mama yake alikuwa na macho mekundu. Djamila alichota unga, akaujaza kwenye sahani mpaka ukamwagika mezani.

Kwa maana sasa angeweza kunyamaza. Kunyamaza tu! Baba yake angeibeba sahani kwa mkono wake mwenyewe, watu wa Annexe wangemwona, Kambo angeipokea, na yote yangekuwa yamefungwa kabla mzee hajajua amefanya nini. Hakuna aliyemwambia. Hakuna ambaye angemlaumu. Alasiri hii hii angekuwa wa Lombe.

Djamila alisimama na sahani, akafumba macho. Aliomba, na ombi lenyewe lilikuwa baya: “Mungu wangu, niache ninyamaze.” Alilirudia mara ya pili. Mara ya tatu halikutoka.

Mzee Zakari alikuwa amemaliza sala. Alipokea sahani kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyopokea kila kitu.

“Papa, kuna neno nimekuficha.”

“Sema.”

“Ukiibeba wewe, kwa mkono wako, mpaka kwao, si msamaha tu. Kwao ni kusema umekubali. Umeniozesha kwa Lombe.”

Mama yake alitoka mlangoni mwa jikoni, akasimama.

“Na usingeniambia?” mzee akauliza.

“Ungeibeba.”

“Ulitaka niibebe?”

“Papa, nilitaka kuliko kitu chochote.”

“Sasa juu ya nini umeniambia?”

“Kwa sababu tuliwafanyia watu jambo bila kujua, na umeona lilivyowaumiza. Sitaki nikufanyie wewe vilevile.” Aligusa ukingo wa sahani. “Ukiiweka chini, papa, nitaingia sebuleni. Nitawasalimia wageni. Hutanisikia nalia.”

Mzee Zakari aliinamisha kichwa. Aliutazama unga. Kisha akazitazama zile shanga, shingoni mwa kanzu aliyoishona mwenyewe, mstari mmoja mweupe, bila shanga hata moja iliyopotea. Kutoka sebuleni sauti nzito ya mjomba wa Yusufu ikaita, yenye furaha:

“Mzee Zakari! Tunakungojea, ndugu yetu!”

Karibu na bomba palikuwa na ukuta mfupi, mpana, mahali ambapo mtu angeweza kuweka sahani. Djamila aliutazama ukuta huo mpaka ukaanza kuyeyuka katika machozi yake. Mzee Zakari naye aliutazama.

“Mama Chadia,” akaita, bila kugeuka.

“Bwana yangu.”

“Mwambie Sudi aombe radhi kwa bageni. Nitarudi nibaeleze mimi mwenyewe.” Akaisogeza sahani karibu na kifua chake. “Na leta kitambaa uifunike hii. Huko Annexe kuna mavumbi mingi.”